Manowari zilifikaje Bahari ya Kaspi, na meli za mafuta ziligeuzwaje kuwa za vita (1918–1920)?

Binti_Nansio

Heshima kwenu wakuu. Klabu yetu ya historia hapa Nyamagana inaandaa mada kuhusu vita vya majini kwenye maji yasiyo na mlango wa kutokea. Upande wa ziwa letu tumeshapata picha: Juni 1915 Waingereza walitoka Kisumu kwenda kuivamia Bukoba wakiwa juu ya meli zilezile za abiria na mizigo, yaani Winifred, Nyanza, Usoga na Rusinga, zikiwa zimefungwa mizinga. Meli hizo zote zililetwa vipande vipande na kuunganishwa ziwani.

Sasa tunataka kuilinganisha na Bahari ya Kaspi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Urusi. Kaspi nayo imefungwa pande zote, ila ni kubwa mara tano na ushei ya Ziwa Victoria (km za mraba 371,000 hivi kwa 68,800). Maswali yangu ni matatu. Manowari za kweli zilifikaje kule? Mzinga wa inchi 6 unafungwaje juu ya meli iliyojengwa kubeba mafuta ya taa bila sitaha kupasuka? Na inakuwaje Wekundu (Wabolsheviki wa Lenin), waliokuwa na manowari halisi, wapigwe Mei 1919 na meli za biashara za Waingereza, waliowasaidia Weupe (wapinzani wa Wabolsheviki), halafu mwaka mmoja baadaye wachukue bahari nzima?

Naomba mnipe vipimo pale vinapojulikana. Maelezo ya jumla tunayo tayari.

FundiChelezo

Dada, karibu. Nianze na njia za kuingilia, maana hayo mengine yote yanatokana na hizo.

Njia ya kwanza ni maji. Kutoka Bahari ya Baltiki unapanda mto Neva, unapitia maziwa, unaingia mfumo wa mifereji ya Mariinsk, unashuka Volga hadi Astrakhan. Lenin aliagiza manowari za Baltiki zipitishwe huko mwaka 1918. Shida ni kwamba mifereji ile ilichimbwa kwa ajili ya matishari ya mtoni. Chukua manowari kama Moskvityanin: tani 570 hivi, urefu mita 70 na kitu, upana mita 8 hivi. Piga hesabu ya eneo lake pale maji yanapokata ubavu, utapata kama mita za mraba 400. Maana yake kila sentimita unayotaka meli iinuke, lazima uiondolee tani 4. Ukitaka iinuke sentimita 25 tu, tani 100 zinashuka: makaa, makombora, torpedo, minyororo ya nanga, mizinga ikibidi. Vyote hivyo vinafuata nyuma kwa tishari na kurudishwa mbele ya safari. Na meli iliyopunguzwa uzito wa chini inayumba kirahisi zaidi, kwa hiyo huwezi kuondoa tu vya ngamani (chini kabisa tumboni mwa meli) ukaacha vya juu. Unaanza na vilivyo juu ya sitaha.

Njia ya pili ni reli. Nyambizi nne za Wekundu, Minoga, Makrel, Kasatka na Okun, zilipandishwa kwenye mabehewa maalumu yenye ekseli nyingi zikashushwa Volga pale Saratov. Zilikuwa ndogo, mita 32 hadi 34. Reli ya Kirusi ilikuwa na upana wa milimita 1,524, ya kwetu ya kati ni 1,000. Nusu mita hiyo ndiyo inayokupa behewa pana lenye kubeba kitu kirefu na kizito bila kulalia upande kwenye kona.

Waingereza nao walitumia reli baada ya Uturuki kusaini kusitisha vita tarehe 30 Oktoba 1918 na njia ya Bahari Nyeusi kufunguka. Boti zao za torpedo za futi 40 zilishushwa Batum zikavushwa kwa treni hadi Baku, karibu km 900. Futi 40 ni mita 12, upana mita 2.6 hivi: inakaa juu ya behewa la kawaida bila kugusa nguzo za stesheni. Hapo usiache kutaja Mimi na Toutou za Ziwa Tanganyika. Nazo zilikuwa futi 40, nazo ni kazi ya kiwanda cha Thornycroft. Zilipanda reli kutoka Cape Town hadi Fungurume, zikakokotwa porini kwa injini za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, na Desemba 1915 zikawa majini. Kipimo hicho ndicho karibu na mwisho wa kitu unachoweza kukikokota porini, pasipo reli, kikiwa kizima. Kubwa kuliko hapo unaikata vipande kama Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba, au unaijenga palepale majini inapotakiwa kufanya kazi, kama MV Mwanza ilivyojengwa Mwanza Kusini.

Njia ya tatu ni barabara. Kabla Batum haijafunguka, Komodoa David Norris alifika na mabaharia na mizinga kutoka Baghdad kupitia Kermanshah, Hamadan na Kazvin hadi bandari ya Enzeli, karibu km 1,000 za milima. Kwa njia hiyo hupitishi meli. Unapitisha mizinga, makombora na watu wanaojua kuitumia, halafu meli unaitafuta hukohuko.

Na meli zilikuwepo tele. Kaspi ilikuwa imejaa meli za kubeba mafuta ya Baku. Nani ana mizinga bila meli na nani ana meli bila mizinga, hilo ndilo lililoamua nani akutane na nani.

Mkuku_na_Mataruma

Nachukua swali la pili. FundiChelezo kamaliza la kwanza vizuri.

Kombora la inchi 6 la Waingereza lilikuwa na uzito wa ratili 100, yaani kilo 45, na mtutu peke yake ni tani 7 hivi kabla hujaweka kitako. La inchi 4 ni kilo 14. Kwa hiyo inchi 4 unaweza kuifunga kwenye meli nyingi za wastani, lakini inchi 6 inahitaji meli yenye mifupa.

Kosa la mtu asiyejua ni kufunga kitako kwenye bati la sitaha na kuona bolti zimekaza, basi. Bati la sitaha ya meli ya mizigo limekusudiwa kubeba uzito uliotulia. Mzinga unasukuma kurudi nyuma na, ukiinua mtutu ili upige mbali, unasukuma pia kwenda chini. Ndiyo maana unaanza kutafuta mahali, na mahali pazuri ni juu ya ukuta wa chuma unaogawa vyumba vya meli, au karibu nao kabisa. Chini ya sitaha unaweka boriti za kuunganisha mataruma (mbavu za meli) manne au matano, na chini ya boriti nguzo, za chuma ukizipata au magogo mazito ukikosa, zishuke hadi sakafu ya ngama zikalie mkuku (uti wa mgongo wa meli). Kila nguzo inakazwa kwa kabari. Juu ya sitaha linaongezwa bati la pili pana kuliko kitako, na bolti zinapita mabati yote mawili na boriti. Mwisho unapima usawa: duara ambalo mzinga unazungukia lisipokuwa sawa na sitaha, ukilenga kushoto kombora linaanguka fupi na ukilenga kulia linapita.

Majaribio huanza na baruti pungufu. Unapiga moja, unashuka chini na taa, unagonga ribiti moja moja kwa nyundo. Iliyolegea hulia tofauti. Kisha baruti kamili mtutu ukiwa chini, halafu mtutu ukiwa juu. Nguzo ikiwa imesogea hata kidogo unakaza kabari upya kabla ya kuendelea, kwa sababu ribiti zikishaanza kulegea sitaha inavuja, kitako kinacheza, na baada ya makombora ishirini mlengaji hajui tena mtutu unaangalia wapi. Vioo vya chumba cha nahodha viondolewe mapema. Mshindo utavivunja vyote. Mabomba ya mvuke yanayopita juu ya sitaha kwenda kwenye winchi ni ya kuangalia sana, maana hupasuka kwenye maungio.

Meli ya mafuta ina faida yake: mara nyingi injini iko tezini (nyuma ya meli), kwa hiyo katikati na mbele kuna nafasi kubwa wazi. Ina pia hatari yake. Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa mafuta uliobaki ukichanganyika na hewa unangoja cheche tu. Linafukizwa kwa mvuke wa boila, linafunguliwa, linapulizwa hewa kwa bomba la turubai, ndipo linajazwa maji. Na likijazwa, lijae kabisa. Maji ya nusu tangi hukimbilia upande ambao meli inainamia, meli ikipinda kona kwa kasi yanaisukuma zaidi hukohuko. Kila anayevuka Ghuba ya Spika na mtumbwi wenye maji ya kuchota chini anaijua tabia hiyo.

Udhaifu usiotibika ni chumba cha injini. Manowari ya kweli huficha boila na injini chini iwezekanavyo, na kubwa hukingwa kwa bati nene la chuma. Kwenye meli ya biashara sehemu kubwa iko juu ya maji na ubavu ni bati jembamba. Emile Nobel, iliyokuwa moja ya meli nzito za Waingereza, ilipigwa hapohapo kwenye chumba cha injini Mei 1919 na watu wakafa humo.

Jambo moja la mwisho: mafuta. Meli za Kaspi zilikuwa zimezoea kuchoma mazuti, mafuta mazito yanayobaki baada ya kuchuja petroli na mafuta ya taa. Aliyeshika Baku alishika boila za bahari nzima.

Mwaloni_Asubuhi

Nyongeza ndogo ili klabu isikosee kwenye mchoro. Siyo manowari zote zilikuja wakati wa vita. Kars na Ardagan, zenye mizinga miwili ya milimita 120 kila moja, zilijengwa St. Petersburg mahsusi kwa Kaspi kabla ya Vita Kuu, na zilitumia dizeli wakati manowari karibu zote duniani zilikuwa za mvuke. Zilikuwa mikononi mwa mabaharia wa Baku, wale waliounda serikali iliyojiita Sentrokaspi mwaka 1918 na kumwita Jenerali Dunsterville wa Uingereza aje kuwasaidia dhidi ya Waturuki. Dunsterville aliondoka Baku usiku wa tarehe 14 Septemba 1918, Waingereza wakarudi 17 Novemba. Machi 1919 walizinyang'anya silaha meli za mabaharia hao kwa sababu hawakuwaamini tena.

Binti_Nansio

Nashukuru sana, hasa ile hesabu ya tani 4 kwa sentimita. Sasa bado swali la tatu. Na nyambizi nne zile, mbona hazikuzamisha chochote?

FundiChelezo

Jibu la maswali yote mawili liko kwenye kina cha maji, dada. Kusini Kaspi ina kina cha zaidi ya mita 1,000. Kaskazini, mbele ya mlango wa Volga, wastani ni mita 5 hadi 6, na eneo hilo ni pana kuliko Ziwa Victoria lote. Meli kubwa za Baku hazikuweza kuingia Astrakhan. Zilitia nanga baharini, mahali palipoitwa kituo cha futi 12, na mafuta yakahamishiwa kwenye matishari. Futi 12 ni mita 3.7. Juu ya hapo ongeza upepo: ukivuma kutoka kusini-mashariki unayasukuma maji kwenye delta, ukigeuka kutoka kaskazini unayarudisha, na tofauti yake inaweza kupita mita moja. Asubuhi unapita, jioni umekwama mchangani.

Nyambizi yenye kimo cha mita kadhaa kutoka mkuku hadi ncha ya periskopu haina pa kujificha kwenye mita 5. Na maji yakiwa mafupi, rubani wa ndege ya majini anaiona kama unavyoona sato kwenye maji ya ufukweni. Waingereza walikuwa na ndege aina ya Short 184 kwenye meli mbili walizozigeuza, Alader Youssanoff na Orlionoch.

Kisha kuna barafu. Kaskazini huganda majira ya baridi, kusini hakugandi. Kwa hiyo kila mwaka, kwa miezi kadhaa, Wekundu wa Astrakhan walikuwa wamefungiwa ndani huku wapinzani wao wakifanya kazi Baku, Petrovsk na Enzeli. Waingereza walifunga mizinga yao msimu wa baridi wa 1918 kwenda 1919 bila mtu wa kuwasumbua sana.

Barafu ilipoyeyuka Wekundu walitoka haraka na walifanya kazi nzuri. Mwisho wa Aprili 1919 waliteka Fort Alexandrovsk kwenye rasi ya Mangyshlak, pamoja na kituo cha redio. Tarehe 5 Mei manowari Karl Liebknecht ilikamata meli ndogo Leila iliyokuwa imembeba Jenerali Grishin-Almazov na barua za Denikin, mkuu wa Weupe wa kusini, kwenda kwa Kolchak, mkuu wa Weupe wa Siberia. Jenerali alijipiga risasi. Barua hizo zinakueleza kwa nini bahari hii iligombewa: jeshi la Weupe la kusini na lile la Siberia zilitenganishwa na Wekundu nchi kavu, na Kaspi ndiyo ilikuwa njia ya kuwasiliana.

Kosa lilikuja baadaye. Walikaa ndani ya ghuba ya Fort Alexandrovsk, meli za vita zikiwa zimechanganyika na matishari na meli za huduma. Tarehe 21 Mei Norris akaingia na Kruger, Emile Nobel, Asia, Windsor Castle na Venture. Manowari nyepesi silaha yake ni mbio na torpedo. Ndani ya ghuba iliyojaa vyombo haina nafasi ya kukimbia, na mizinga ya meli za biashara ilikuwa mizito kuliko yake. Meli ya huduma Revel ilishika moto nyambizi zikiwa ubavuni mwake. Minoga ilinasa waya wa chuma kwenye propela, na baharia mmoja akapiga mbizi mara kwa mara kwenye maji ya baridi mpaka akaukata. Makrel ilijaribu kuzama na kuwakabili Waingereza ikiwa na maji machache mno chini ya mkuku. Moskvityanin ilipotea. Waliobaki walirudi Astrakhan.

Kwa hiyo usiwaambie wanafunzi kwamba meli za biashara ni bora kuliko manowari. Meli zilezile za biashara zikikutwa usiku nje baharini na manowari mbili zenye kasi zingekuwa mashakani.

Mkuku_na_Mataruma

Niongeze kuhusu boti za torpedo, maana watu hudhani zilifanya kila kitu. Torpedo yake moja ya inchi 18 hulala kwenye mfereji tezini, pua ikiangalia mbele. Inasukumwa kutoka nyuma mkia ukitangulia, inaanguka majini, inawaka na kuifuata boti upande uleule. Nahodha anatakiwa apinde mara moja au apigwe na torpedo yake mwenyewe. Inahitaji mwendo mkubwa na maji yaliyotulia. Mbao zake ni nyembamba, zikikaa majini siku nyingi hunywa maji na uzito ukiongezeka kasi inapotea, ndiyo maana zilibebwa juu ya meli na kushushwa kwa winchi karibu na kazi. Mawimbi ya Kaspi ni mafupi na makali kama ya ziwani kwetu, na kwa boti ya mita 12 hayo ni mabaya kuliko mawimbi marefu ya bahari kuu.

Mwaloni_Asubuhi

Ngoja nimalizie 1920. Agosti 1919 Waingereza walikabidhi meli zao kwa Weupe wa Denikin na kuondoka. Upande wa pili, mwisho wa Julai 1919 Wekundu waliunganisha vikosi vya Volga na vya Kaspi kuwa kimoja chini ya Fyodor Raskolnikov. Astrakhan ilikosa mafuta kiasi kwamba petroli ya ndege ililetwa kwa siri kutoka Baku kwa mashua ndogo za tanga. Kazi hiyo ilisimamiwa na Kirov, kiongozi wa Wabolsheviki pale Astrakhan.

Denikin aliposhindwa nchi kavu, meli za Weupe zilipoteza bandari moja baada ya nyingine. Baku ilichukuliwa tarehe 28 Aprili 1920, na mafuta yakaenda nayo. Meli yenye boila nzima na mizinga mizima lakini haina mazuti wala chelezo (mahali pa kutengenezea meli) inabaki kuwa jengo linaloelea. Weupe wakakimbilia Enzeli, Uajemi, chini ya ulinzi wa Waingereza. Kwingine kote duniani wangepita mlango wa bahari wakaenda kusalimisha meli nchi ya mbali. Kaspi haina mlango huo.

Alfajiri ya tarehe 18 Mei 1920 Raskolnikov alifika na mizinga akaanza kupiga Kazian, upande wa bandari walipokaa Waingereza, huku askari wengine wakishuka ufukweni mashariki ya mji kukata barabara ya Resht. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe: Enzeli iko kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kati ya bahari na ziwa la pwani lililo nyuma yake, barabara ikikatwa hakuna pa kurudi nyuma. Jenerali Champain wa Waingereza akakubali kuondoka na watu wake na kuacha meli. Wekundu walipata kundi zima la meli, mizinga zaidi ya 50, ndege za majini na boti za torpedo zilizokuwa zimevuka kwa treni kutoka Batum.

Binti_Nansio

Ahsanteni sana wakuu, na Mungu awazidishie. Kwenye ramani ya ukutani tutaweka nini ili mtoto wa kidato cha pili aelewe kwa kuangalia tu?

FundiChelezo

Weka rangi mbili za maji: nyepesi kwa kaskazini yote yenye mita 5 hadi 6, nzito kwa kusini. Chora mstari mweupe wa barafu juu ya ile nyepesi. Weka alama Astrakhan, kituo cha futi 12, Fort Alexandrovsk, Petrovsk, Baku na Enzeli, halafu mishale mitatu ya kuingia: Volga kutoka juu, reli ya Batum kutoka magharibi, barabara ya Baghdad kutoka chini. Usiweke mshale wowote wa kutoka. Pembeni bandika Ziwa Victoria kwa kipimo kilekile, ili waone Kisumu hadi Bukoba ni umbali gani ukilinganisha na Astrakhan hadi Enzeli.